Kaskazi si ya wageni pekee: Vijana, tujifunze kuogelea tukaone cha kwetu

Wacha nianze kwa kukiri aibu yangu.

Januari mwaka jana nilikuwa ndani ya boti katika maji ya Kisite, kusini mwa Kisiwa cha Wasini, kaunti ya Kwale. Bahari ilikuwa imetulia tuli. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba ukichungulia kando unaona kivuli cha boti kikitembea juu ya matumbawe kule chini. Tulikuwa abiria 14. Kumi na wawili walikuwa watalii waliotoroka baridi ya kwao Ulaya. Wawili waliosalia ni mimi na beshte yangu, wote wa Kayole, Nairobi.

Nahodha alipofunga kamba kwenye boya na kuzima injini, wageni walianza kuvaa vifaa: miwani ya maji, bomba la kupumulia, viatu vya mapezi. Mmoja wao alikuwa nyanya mwenye mvi kichwa kizima, nakadiria amepita miaka 70. Alitema mate kwenye kioo cha miwani yake, akayasugua kwa kidole (baadaye niliambiwa ni ya kuzuia kioo kisiingie ukungu), akashuka ngazi polepole, kisha akajilaza juu ya maji kama mtu anayepanda kitandani kwake. Huyo, kaenda.

Mimi? Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa boti kwa mikono miwili.

“Dada, mbona wewe huingii?” kijana wa boti akaniuliza.

“Nimesuka jana,” nikamjibu, mkono kichwani.

Alicheka. Beshte yangu alicheka. Hata mimi nilicheka. Lakini wacha niseme ukweli hapa: sikuwa naogopa nywele kuharibika. Nilikuwa naogopa kufa.

Naandika makala haya kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu vijana wa mjini tunaipenda bahari kwa macho tu. Ikifika Desemba tunapanda treni au basi, tunaenda Mombasa, Diani au Watamu, tunapiga picha tumeipa bahari mgongo, tunaingia maji ya magotini, tunapiga kelele wimbi likija, kisha tunarudi kwenye muziki. Siku tano Pwani, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kilichoko mita 3 chini ya maji. Ukiuliza kuhusu snokeli, yaani kule kuelea uso ukiwa majini ukitazama samaki na matumbawe, utaambiwa, “Ah, hizo ni mambo za wazungu.”

Msimamo wangu ni huu: hizo si mambo za wazungu. Ni mambo zetu tulizozitelekeza. Na kuzitelekeza kunatugharimu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na majira. Kule Ulaya, Desemba hadi Machi ni wakati wa baridi kali. Sehemu nyingine jua linatua saa kumi alasiri. Ndiyo maana mtu anaweka akiba mwaka mzima ili apate wiki mbili za kukaa mahali penye joto. Huku Pwani, miezi hiyo hiyo ndiyo kaskazi. Upepo unavuma kutoka kaskazini mashariki, upepo ule ule ulioyaleta majahazi kutoka Uarabuni kwa karne nyingi. Mvua inakuwa chache, mawimbi yanatulia nje ya mwamba, na maji yanang’aa. Kuanzia Aprili upepo unageuka, kusi inaingia, bahari inachafuka na ukitumbukiza uso unaona ukungu tu.

Sasa fikiria. Msimu bora wa kuchungulia chini ya bahari yetu umeangukia palepale kwenye likizo yetu ndefu, shule zimefungwa, ofisi nyingi zimefungwa, na nusu ya Nairobi iko njiani kuelekea Pwani. Mgeni anakata tiketi ya ndege ya saa nane au zaidi ili aupate msimu huo. Sisi tuko hapo tayari, futi chache kutoka majini, na hatuingii. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Naona walikuwa wanatuzungumzia sisi.

Lakini siwezi kuwalaumu wenzangu bila kusema tumetoka wapi.

Nilipokuwa darasa la sita, mvulana tuliyesoma naye alikufa maji. Haikuwa baharini. Ilikuwa kwenye timbo la mawe, yale mashimo ya wachimbaji yanayojaa maji mvua ikinyesha. Jua lilikuwa kali, yeye na wenzake wakaenda kuogelea, na hakuna aliyejua kuogelea. Nakumbuka dawati lake lilivyobaki wazi muhula mzima kwa sababu hakuna aliyetaka kulikalia. Walimu walituita gwaride wakatuonya tusikaribie maji. Mama alinichapa siku hiyo, na mimi sikuwa hata nimeenda. Alinichapa kwa woga.

Nikitazama nyuma, kuna kitu kinanisumbua. Watu wazima wote waliozungumza wiki hiyo walisema, “Msiende majini.” Hakuna hata mmoja aliyesema, “Jameni, tuwafunze hawa watoto kuogelea.”

Hivyo ndivyo tulivyolelewa wengi wetu. Maji ni adui, na dawa ya adui ni kumkimbia. Shida ni kwamba maji hayangoji uende Pwani. Mafuriko ya 2024 yaliwakuta watu wakiwa vitandani mwao hapa Nairobi. Kuna mito tunayovuka, kuna mabwawa, kuna Ziwa Victoria, kuna feri. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji kote duniani mwaka wa 2021, na idadi kubwa ni watoto na vijana. Nchi ambazo zimepunguza vifo hivyo hazikufanya hivyo kwa kuwaficha watoto wasione maji. Zilihakikisha watoto wanafunzwa kuogelea na kujiokoa.

Kwa hivyo ninaposema tutie nyuso majini, sisemi kuhusu starehe peke yake. Nasema kuhusu kumaliza woga ambao umetuua zaidi ya ulivyotulinda.

Turudi kwenye boti.

Yule kijana hakuniacha. Alinivalisha jaketi la kuokoa maisha, akakaza mikanda mpaka nikahisi mbavu. Akatupa boya la duara majini, akaingia yeye kwanza, akaninyooshea mkono. “Pumua kwa mdomo, pua isahau kabisa. Usipige mateke, elea tu. Ukiogopa inua kichwa, mimi niko papa hapa.”

Mara ya kwanza nilikunywa maji. Mara ya pili nikakunywa tena. Chumvi ilinikaba, nikasema hii kazi siiwezi. Mara ya tatu nikatia uso, nikapumua, hewa ikaja. Nikafungua macho.

Jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa sauti. Nilidhani chini ya bahari ni kimya. Kumbe kuna mlio usiokoma, tap tap tap, kama mafuta yakikaanga viazi. Kijana wa boti alinieleza baadaye kwamba ni kamba wadogo wakigonga makoleo yao, na samaki wanaoitwa pono wakitafuna mwamba. Pono ana mdomo kama wa kasuku. Anakwangua mwamba, anautafuna, na anachotoa upande wa pili ni mchanga. Ndiyo, ule mchanga mweupe tunaoupigia selfi, sehemu yake ni mavi ya pono. Tangu siku hiyo siutazami mchanga wa Diani kwa jicho lile la zamani.

Chini yangu kulikuwa na vitatange wa manjano wakienda wawili wawili. Kulikuwa na kiti cha pweza chenye rangi ya chungwa kimeng’ang’ania mwamba. Kasa alipita upande wa kushoto bila haraka, kama mzee anayetoka msikitini. Nilisahau kuogopa. Sijui ni kwa dakika ngapi, lakini nilipoinua kichwa kijana wa boti alikuwa ameshaachilia mkono wangu kitambo, na mimi sikuwa nimegundua.

Niliporudi botini nilimwambia beshte yangu kitu kimoja: “Manze, hii ni yetu?”

Ni yetu. Kisite na Mpunguti ni eneo la bahari linalohifadhiwa kisheria tangu miaka ya 1970, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), sawa na Nairobi National Park tunayopita kila siku tukielekea Mombasa Road. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa 1968, na ni miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika. Tulipokuwa shuleni tulipelekwa kuona simba na viboko. Wangapi wetu tulipelekwa kuona matumbawe? Na bado tumbawe ni mnyama kama simba. Watu wengi hudhani ni jiwe au mmea. Ni mamilioni ya wanyama wadogo walioshikana, wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao wanaishi mwani wadogo mno wasioonekana kwa macho, wanaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenye nyumba. Rangi nyingi unazoziona zinatoka kwa hao wapangaji.

Na hapo ndipo penye tatizo, na ndipo penye haraka yangu.

Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, tumbawe hushindwa kuishi na wale wapangaji na kuwafukuza. Linabaki jeupe pe. Halijafa bado, lakini lina njaa. Joto likipungua mapema linaweza kupona. Likiendelea, linakufa, na baadaye linafunikwa na majani ya baharini na kubomoka. Mwaka wa 1998, wakati wa El Niño kali, Pwani yetu ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake. Ilitokea tena 2016. Aprili 2024, wanasayansi wa shirika la serikali ya Marekani linalofuatilia bahari na hali ya anga (NOAA) walitangaza kwamba matumbawe ya dunia yamo katika wimbi la nne la kubabuka, na Bahari Hindi ilikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi lilisema 2018 kwamba dunia ikiongeza joto kwa nyuzi 1.5, kati ya asilimia 70 na 90 ya matumbawe yatapotea. Ikifika nyuzi 2, karibu yote. Mimi nina miaka 26. Maana yake ni kwamba mambo haya yanaweza kutokea nikiwa hai. Watoto wangu wanaweza kuambiwa hadithi ya kasa wa Kisite kama sisi tulivyoambiwa hadithi za vifaru waliojaa nchi hii.

Mtu hatetei asichokijua. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tumeona vijana wa Nairobi wakipigania Uhuru Park na Msitu wa Karura kwa sababu wamekaa chini ya miti hiyo. Nani atapigania mwamba ambao hajawahi kuuona? Wakati bahari inapozungumziwa, iwe ni bandari, uvuvi au taka za plastiki, sauti za vijana wa bara huwa hazisikiki. Hatujaona kilichoko huko ndani, kwa hivyo hatuna uchungu nacho.

Kuna jambo lingine ambalo nililisikia kwa masikio yangu. Tuliporudi kisiwani kula, samaki wa kupaka na wali wa nazi, nilikaa karibu na nahodha. Mzee wa makamo, mtulivu. Nikamwamkia na kumuuliza kazi inaendaje.

“Kaskazi ni kuzuri, mwanangu. Wageni waja. Kusi ikiingia twakaa.”

Nikamuuliza kuhusu 2020, wakati wa corona, ndege za kimataifa zilipozuiwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai. Alinyamaza kidogo, akanawa mikono.

“Tuliliburuta boti juu mchangani. Nikarudi kwa mshipi. Watoto wala, lakini ada ya shule haiji kwa mshipi.” Kisha akaongeza, bila lawama: “Nyinyi wa Nairobi mwaja, lakini huku kwetu hamfiki.”

Lile neno lilinichoma. Ndani ya Kisite, uvuvi umepigwa marufuku kabisa. Wenyeji wa Wasini na Shimoni, ambao babu zao walivua humo, walitakiwa kuacha. Ahadi iliyobaki ni kwamba samaki watazaana na kutoka nje ya mpaka, na kwamba wageni wataleta pesa. Lakini wageni wa ng’ambo huja na kuondoka kulingana na habari za runinga za kwao. Baada ya ghasia za uchaguzi mapema 2008 walikimbia. Mwaka wa 2020 hawakuweza kuja. Kila mara mwenye boti ndiye hubaki akitazama upeo wa bahari. Mgeni wa ndani hahitaji viza wala ndege ya kukodi, na hasomi onyo la usalama kutoka kwa ubalozi. Sisi ndio tungekuwa nguzo ya biashara hii. Badala yake tumeiacha isimame kwa mguu mmoja, tena mguu wa kuazima.

Najua tayari kuna mtu anasema: “Sawa dada, lakini doo itatoka wapi?”

Swali la haki. Hii nchi ni ngumu, kazi hakuna, na mimi sitajifanya kwamba kila kijana anaweza kwenda Pwani kesho. Lakini sizungumzi na asiye na nauli. Nazungumza na yule ambaye ataenda Desemba hata hivyo, aliye kwenye chama cha marafiki na amekuwa akichanga tangu Juni. Tufanye hesabu pamoja. Treni ya SGR daraja la kawaida ilipandishwa hadi Sh1,500 mwaka wa 2024. Feri ya Likoni ni bure kwa anayetembea kwa miguu. Ukifika Likoni unapanda matatu za barabara ya Lungalunga, unashuka njia panda ya Kanana, unapanda boda au matatu mpaka Shimoni. Boti hukodishwa nzima, kwa hivyo mkiwa kumi bei inagawanywa mara kumi. Ada ya kuingia mbuga kwa mwananchi ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni, na hulipwa kwa eCitizen. Wengi wetu huacha pesa zaidi ya hizo kwenye meza moja ya kilabu usiku mmoja, na asubuhi tunachobaki nacho ni kichwa kuuma.

Wengine watasema kinyume: “Ukiwaita vijana wote wa Nairobi waingie kwenye matumbawe, si watayamaliza?” Hili nalo ni swali la haki, na nimelifikiria zaidi ya lile la pesa. Kwa sababu kusema kweli, sisi tukifika mahali kwa mbogi, tunaacha chupa.

Jibu langu ni kwamba adabu inafundishika. Na si nyingi. Usisimame juu ya tumbawe, hata ukichoka, shika boya. Usiguse, usivunje, usibebe kombe wala kiti cha pweza kwenda nalo nyumbani. Ndani ya mbuga ni kosa la kisheria, na nje yake bado ni nyumba ya mtu. Ukiona pomboo, mwambie nahodha asiwafukuze; wakitaka watakuja wenyewe. Hakikisha boti inafungwa kwenye boya na haitupi nanga juu ya mwamba. Vaa fulana ya mikono mirefu na leging’i. Hutahitaji mafuta mengi ya kukinga jua, ambayo baadhi yake yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Ukipita kijijini Wasini, jisitiri. Ni kijiji cha Waislamu, watu wanaishi pale, si jukwaa la video zako. Chupa yako rudi nayo.

Kwa akina dada wenzangu, najua vikwazo vyetu ni viwili zaidi: nywele na mavazi. Nywele zifunge kitambaa, zioshe kwa maji baridi ukitoka, zitapona. Mavazi, hakuna sheria inayosema lazima uvae bikini. Siku ile ile niliwaona wasichana wa hapo hapo Pwani wamejifunika kuanzia kichwani hadi kwenye kifundo cha mguu na wanaogelea kuliko sisi wote. Na kama majini huwezi kabisa, pale kisiwani kuna daraja la mbao la kikundi cha akina mama, linapita katikati ya mikoko na bustani ya matumbawe ya kale yaliyosimama nchi kavu. Walipe wao. Hiyo nayo ni njia ya kufika.

Tena usidhani wenyeji wamekaa kungoja kuokolewa na sisi. Wasini ni mojawapo ya sehemu ambazo wanakijiji wenyewe, wakisaidiana na watafiti, wamekuwa wakipanda matumbawe upya. Wanachukua vipande vilivyo hai, wanavifunga kwenye mawe na vyuma walivyoviandaa, wanavishusha chini ya maji, kisha wanavisafisha na kuvitunza kama mkulima anavyopalilia sukuma wiki. Kule Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi waliamua wenyewe kufunga sehemu ya bahari yao isivuliwe, na samaki wakarudi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kazi inafanywa. Kinachokosekana ni sisi kuja kuiona, kuilipia na kuisema.

Basi mimi nilifanya nini niliporudi Nairobi?

Nilijiandikisha mafunzo ya kuogelea kwenye kidimbwi kimoja mtaani. Darasa la kwanza nilikuwa na watoto wa miaka saba, na walinipita. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeshika ukuta. Mwalimu alinifundisha kuelea chali kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu, alisema, mtu anayejua kuelea ana muda wa kuita msaada. Mwezi wa tatu nikavuka upana wa kidimbwi bila kusimama. Nilipanda juu nikakaa ukingoni, nikamkumbuka yule mvulana wa darasa la sita. Upana wa lile timbo haukuzidi kile kidimbwi. Alihitaji kujua kuelea tu.

Januari mwaka huu nilirudi Kisite. Kijana yule yule alikuwa kwenye boti. Alinitazama, akatazama kichwa changu, akauliza, “Leo hujasuka?”

“Nimesuka jana,” nikamwambia, na nikaingia.

Siku hizo mbili hazikubadilisha dunia, najua. Maji ya bahari bado yanapata joto, na kuogelea kwangu hakupunguzi hata nyuzi moja. Kuna sehemu nilipita safari hii nikaona tumbawe jeupe lililokufa, limebomoka kama chaki. Mwaka jana nisingelijua ni nini. Sasa najua, na siwezi kujifanya sijaona. Nadhani huo ndio mwanzo wa uraia, kujua kilicho chako kinapoumia.

Kwa hivyo rai yangu kwako unayesoma haya ukiwa kwenye matatu au umelala kejani. Desemba iko mbali bado. Una muda. Tafuta kidimbwi, kuna vya bei nafuu ukiuliza. Jifunze kuelea, kisha kuogelea. Mchukue mdogo wako mwende pamoja. Kwenye kile chama chenu cha safari, toeni siku moja kati ya tano iwe ya Wasini, au Watamu, au Malindi, popote penye mwamba na mwenyeji anayeujua. Vaa jaketi, msikilize nahodha, tia uso majini.

Nilipomwonyesha mama video ya kasa, alitazama mara mbili bila kusema neno. Nilidhani ataniambia nimerukwa na akili. Alinirudishia simu, akaenda jikoni, akawasha jiko. Baada ya muda nikasikia sauti yake.

“Huyo mwalimu wako wa kuogelea,” akasema, “kwa ndugu yako mdogo anaweza kuitisha pesa ngapi?”